Taa ya mafuta imewaka: Ni kadari au ni dhulma?



Ndugu msomaji, hivi karibuni nililetewa kesi na Waislamu wawili wa hapa Themi, jijini Arusha. Wote nawaona msikitini, na mara nyingi husimama safu moja. Mmoja ni tajiri wa gari, mwingine ni dereva wake. Gari lenyewe ni Toyota ndogo ya kisasa inayofanya kazi ya teksi, na dereva hupeleka hesabu kila jioni. Siku hiyo likazimika katika barabara ya Njiro mchana kweupe, foleni ikajaa nyuma yake. Mafuta yameisha. Likaletwa dumu la petroli, yakamiminwa, gari likagoma kuwaka. Fundi akaja, akagusa hapa na pale, akasema pampu imeungua.

Tajiri anadai dereva anunue pampu. Dereva anasema lililotokea ni kadari ya Mwenyezi Mungu, na kadari haina fidia. Kila mmoja ana hakika kuwa dini iko upande wake.

Mimi si mufti wala si kadhi, na niliwaambia hivyo. Lakini nimeona kesi hii ni ya wengi. Mjini hapa magari yanayotembea huku taa ya mafuta inawaka ni mengi kuliko tunavyodhani, na nyuma ya taa ile kuna haki za watu ambazo hatuzisemi. Ndiyo maana nimeona niiandike.

Wanazuoni wana kanuni kwamba kukihukumu kitu ni tawi la kukijua kitu hicho. Basi kwanza tulijue gari.

Wazee wetu waliendesha Land Rover 109, na wengine waliendesha zile Peugeot 504 zilizokuwa zikipakia abiria wa Namanga. Katika Land Rover tangi liko chini ya kiti. Geji ikifa, dereva anatumbukiza kijiti, anatazama kimelowa mpaka wapi, basi. Pampu iko nje ya tangi na inasukumwa na injini yenyewe. Mafuta yakiisha njiani, mtu alimimina lita mbili tatu, akatia tone katika kabureta, gari likanguruma na safari ikaendelea. Hasara yake ilikuwa jua na vumbi tu.

Gari la leo si hivyo. Pampu yake ni ya umeme, nayo imezamishwa ndani ya tangi. Mafuta yale yale inayoyasukuma ndiyo yanayoipoza na kuilainisha. Tangi likikaribia kukauka, pampu inapata joto, inavuta hewa, na inavuta pia uchafu uliotulia chini kwa miaka. Siku moja haiiui. Lakini mwenye kuliendesha gari miezi na miezi huku taa inawaka, anaichoma pampu hiyo kidogo kidogo, na siku mafuta yanapokatika kabisa ndiyo siku inapokata roho. Kwa magari ya dizeli ya kisasa mambo ni mazito zaidi. Yanasukuma mafuta kwa presha inayozidi mara 1,000 ile ya hewa tunayovuta, na pampu ya presha hiyo hulainishwa na dizeli yenyewe. Ikila upepo, kuutoa ni kazi ya fundi. Ikikwaruzika, vipande vya chuma husafiri hadi kwenye nozeli, na hapo mwenye gari ataambiwa bei ambayo hatailala.

Kisha kuna ile namba kwenye dashibodi, inayosema zimebaki kilomita 60 au 40. Watu wanaiamini kama wahyi! Namba ile ni makisio. Kompyuta ya gari inatazama jinsi ulivyotumia mafuta kitambo kilichopita, inagawanya kilichobaki, inakupa jibu. Ukitelemka kutoka Oldonyo Sambu kuja mjini, injini haikupata kazi, namba inanenepa. Geuza gari upande mlima huo huo, utaona inavyokonda. Na mlimani kuna jambo jingine: mafuta machache yakikimbilia upande mmoja wa tangi, pampu inaweza kufyonza hewa ilhali bado kuna lita mbili tatu ndani.

Hapo hapo nitaje mazoea mabaya yaliyorithiwa. Dereva wa zamani mafuta yakimpungukia alikuwa akitoa gia mtelemkoni, au anazima injini kabisa ili abane matumizi. Katika gari la kisasa, ukiachia mafuta mtelemkoni ukiwa ndani ya gia, kompyuta yenyewe hukata mafuta kwenda kwenye injini. Ukitoa gia, injini inahitaji mafuta ili isizimike, kwa hiyo hukubana chochote. Ukizima injini ndiyo umejitia hatarini, kwa sababu usukani unakuwa mzito kama jiwe, na breki baada ya kukanyagwa mara mbili tatu inagoma kushuka isipokuwa kwa nguvu kubwa. Hali ndiyo hiyo hiyo mafuta yanapoisha ghafla ukiwa kasi. Gari halikatiki kwa upole mahali unapopataka wewe.

Sasa turudi kwenye neno "kadari".

Sisi Waislamu tunaamini kadari, kheri yake na shari yake. Lakini kadari tunaifanya mto wa kulalia. Imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.), katika Sahihi ya Imam Bukhari, kwamba watu wa Yemen walikuwa wakienda Hija bila kuchukua masurufu, wakijiita wenye kumtegemea Mwenyezi Mungu. Wakifika Makka wanaanza kuombaomba watu. Ndipo ikashuka aya ya 197 ya Suratul Baqara, yenye kuwaamrisha mahujaji wachukue masurufu, na kuwakumbusha kuwa masurufu bora ni uchamungu. Tazama mpangilio wake! Uchamungu haukuja kufuta mkoba wa chakula. Uliamrishwa pamoja nao. Na sote tunaijua habari ya yule mtu aliyemuuliza Mtume (s.a.w.) kama amfunge ngamia wake na kutawakali au amwache tu na kutawakali, akaamrishwa amfunge kwanza.

Mahujaji wale wa Yemen hawakuwa na taa ya njano ya kuwakumbusha. Dereva wetu anayo. Imewekwa mbele ya uso wake, inawaka wakati bado kuna lita kadhaa, kwa magari mengi madogo kati ya 5 na 10 hivi. Mwenye kuonywa na akapewa muda, kisha akapita sheli moja, ya pili na ya tatu, huyo asituambie habari za kadari. Hata hivyo hili halimalizi kesi, na tajiri asianze kushangilia.

Maana niliwauliza wote wawili swali moja: asubuhi ile gari lilikabidhiwa likiwa na mafuta kiasi gani? Wakatazamana. Lilikabidhiwa taa inawaka. Usiku wake lilikuwa na deiwaka, akalifanyia kazi, akakausha, akaliegesha. Ndiyo desturi. Kila anayelishika analiacha tupu, kwa sababu hakuna anayetaka kumwekea mwenzake mafuta kwa pesa yake. Dereva anaanza siku kwa deni. Anaweka mafuta ya shilingi elfu 5, anatafuta abiria wa kwanza, anarudi sheli kuweka ya elfu 5 nyingine. Mwaka 2022 lita moja ya petroli ilipopita shilingi 3,000, elfu 5 ile haikuwa hata lita mbili. Bei ya mafuta ilipanda. Je, hesabu ya tajiri ilishuka? Hebu kila mwenye gari ajijibu mwenyewe.

Hapa ndipo fiqhi inapoingia. Gari lililotolewa kwa malipo maalumu ya kila siku limekodishwa, na mkodishwaji, kwa mujibu wa madhehebu ya Imam Shafii ambayo wengi wetu tunayafuata, mkono wake ni mkono wa amana. Vitabu vinavyosomeshwa katika madarasa yetu, Minhaji ya Imam Nawawi kikiwemo, vinalieleza hili. Maana yake, kitu kikiharibika mikononi mwake halipi, isipokuwa amevuka mpaka au amezembea. Kwa hiyo kauli ya baadhi ya matajiri kwamba "kikiharibika chochote utalipa", iwe umekosea au hukukosea, haina mguu wa kusimamia katika sheria. Na kauli ya dereva kwamba halipi kamwe nayo haina mguu. Mpaka uko kwenye uzembe.

Je, alizembea? Kuipita sheli huku taa inawaka na pesa iko mfukoni ni uzembe bila ubishi. Lakini kama mfukoni hamna kitu, na aliyelikausha gari ni mwingine, na mwenye gari anajua na ameridhia desturi hiyo kwa mwaka mzima, basi uzembe huo una wenyewe zaidi ya mmoja. Kisha liko jambo la fundi. Pampu iliyokwisha kutembea miaka mingi, tena katika gari lililonunuliwa likiwa limeshatumika Japani, haiwezi kusemwa imeuawa na dakika 5 za mwisho. Katika mambo kama haya Waislamu wametakiwa warejee kwa wenye ujuzi wa kazi, na fundi mwaminifu ndiye mjuzi wetu hapa. Wetu alipoifungua pampu alikuta chujio lake limeziba kwa tope jeusi la siku nyingi.

Rai yangu niliyowapa ni hii. Tajiri abebe sehemu kubwa ya gharama, kwa kuwa chombo ni chake, uchakavu ni wa chombo chake, na utaratibu wa kukabidhiana tangi tupu ni wake. Dereva achangie, kwa kuwa taa aliiona na siku ile alikuwa ameshapata abiria wawili. Na kuanzia siku hiyo waandikiane: gari litoke na mafuta kiasi fulani, lirudi na kiasi hicho hicho. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana madeni. Sisi tunaisoma kila Ramadhani na kuikhitimisha, kisha tunakabidhiana gari la mamilioni kwa maneno ya mdomoni kando ya barabara. Tajiri hakufurahi. Alisema nimempendelea dereva. Huenda. Lakini tajiri anayemkumbuka Mtume (s.a.w.) pale tu anapotaka kufidiwa pampu, akumbuke pia kwamba Mtume huyo huyo aliamrisha mfanyakazi alipwe ujira wake kabla jasho lake halijakauka.

Kuna kundi jingine ambalo halina hata kisingizio cha hesabu. Nalo ni la waazimaji. Mtu anaazima gari la ndugu yake kwa ajili ya harusi au kumpeleka mama mkwe Moshi. Amepewa tangi nusu. Analirudisha saa 4 za usiku, anampa mwenyewe ufunguo mlangoni, "Jazakallahu kheri kaka", na kutoweka. Asubuhi mwenyewe anawasha gari awahi kazini au awapeleke watoto shule, taa hiyo inamkodolea macho! Katika fiqhi ya Kishafii cha kuazima ni kizito kuliko cha kukodi. Aliyeazima anadhamini. Kikiharibika kwa jambo lisilokuwa matumizi aliyoruhusiwa, atalipa hata kama hakuzembea. Na mafuta aliyoyachoma bila ya ruhusa ni mali ya mtu. Ni aibu kwamba wema wa kuazimana umeanza kufa mjini hapa, na wenye magari wanajifunza kusema uongo kuwa gari liko gereji. Waliowafundisha uongo huo ni waazimaji.

Haki ya njia sitaisemea sana kwa kuwa iko wazi. Kuondoa udhia njiani ni katika matawi ya imani, kama ilivyopokewa katika Hadithi sahihi. Basi anayeleta udhia njiani kwa mikono yake, akaliegesha gari bovu katikati ya barabara ya Njiro wakati wa maonesho ya Nane Nane pale viwanja vya Themi, watu wamejaa, na ndani ya foleni ile huenda kuna mjamzito anawahishwa hospitali, yeye yuko tawi gani?

Hata hivyo si kila anayeishiwa mafuta ni mzembe, na uadilifu unatutaka tuseme hivyo. Wako walioishiwa kwa sababu mafuta yalifichwa. Wenye kumbukumbu hawajaisahau Agosti ya mwaka 2011, iliyosadifu siku za mwanzo za Ramadhani ya mwaka 1432 Hijria. EWURA ilitangaza kushusha bei, na wauzaji wakubwa wakagoma kuuza. Jijini Dar es Salaam na mikoani watu walizunguka sheli hadi sheli wakiwa na funga zao, na wenye vidumu vya uchochoroni wakauza kwa bei waliyojipangia. Mwaka 2023 mafuta yakaadimika tena nchini, dola za kuagizia zikiwa zimepungua, na EWURA ikavifungia baadhi ya vituo kwa kosa la kuhodhi. Wamiliki wanajua kuwa bei mpya hutangazwa Jumatano ya kwanza ya mwezi. Kukiwa na dalili ya bei kupanda, Jumatatu na Jumanne katika baadhi ya vituo "mafuta yameisha", na Jumatano hiyo yanapatikana ghafla. Yametoka wapi? Meli ilitia nanga usiku mmoja na lori likafika Arusha alfajiri? Katika Sahihi Muslim imethibiti kuwa Mtume (s.a.w.) amemwita mwenye kuhodhi kuwa ni mkosefu. Baadhi ya wanaohodhi wana majina ya Kiislamu, na baadhi yao tunawakuta wakitoa futari. Dereva aliyekwama katika siku kama hizo hana lawama. Na kama pampu imeungua kwa ajili hiyo, dhulma inaanzia kwenye kisima kilichofungwa kufuli.

Sasa, gari limeshazima, liwe la mzembe au la mdhulumiwa. Tunafanyaje? Abu Said al-Khudri (r.a.) amepokea kwamba walipokuwa safarini Mtume (s.a.w.) aliwaamrisha mwenye mnyama wa ziada ampe asiye na mnyama, na mwenye masurufu ya ziada ampe asiye nayo, akataja aina za mali mpaka maswahaba wakaona hawana haki katika chochote cha ziada. Hii ni Hadithi ya barabarani hasa. Mwaarabu wa jangwani aliyekwama bila maji na familia iliyokwama saa 3 za usiku baada ya Makuyuni, hali yao ni moja.

Anayekwenda kusaidia aende na akili yake. Kwanza gari lisogezwe pembeni, taa za tahadhari ziwake, pembetatu iwekwe mbali nyuma. Petroli haibebwi kwenye chupa ya maji ya kunywa ndani ya gari lililojaa watoto. Sidhani kama nahitaji kueleza sana. Agosti 10, 2019, siku ambayo mahujaji walikuwa wamesimama Arafa, lori la mafuta lilipinduka pale Msamvu, Morogoro. Watu wakakimbilia kuchota, moto ukalipuka, na waliofariki walizidi 100. Allah awarehemu. Chombo kiwe cha chuma au dumu gumu lenye mfuniko unaobana. Wamimine lita 5 au zaidi, si nusu lita, kwani nusu lita huenda isiifikie hata pampu. Kabla ya kupiga stata, ufunguo uwashwe hadi taa za dashibodi ziwake, usubiri sekunde chache, uzimwe, urudiwe mara tatu nne ili pampu ijaze mabomba. Wanaolazimisha stata dakika 10 wanaua na betri pia. Dizeli ikikataa, aitwe fundi atoe upepo.

Na kuna msafiri ambaye kweli hana kitu. Pesa imeisha, simu imezima, na kwao ni Singida. Huyu Qur'an imemtaja katika aya ya 60 ya Suratut Tawba miongoni mwa wale wanane wenye kustahiki zaka, naye ni mwana wa njia, hata kama nyumbani kwake ni tajiri. Misikiti mingi iko kando ya barabara kuu, kuanzia Usa River hadi Kisongo, na wasafiri wanaingia humo kila siku kuswali na kuomba maji ya kutawadhia. Sijauona hata mmoja wenye fungu dogo lililotengwa kwa ajili ya msafiri aliyekwama. Kapeti tunachangishana kila baada ya miaka miwili. Nimewaandikia viongozi wa msikiti ninaoswali mimi, nikapendekeza fungu hilo lianze, na madumu mawili ya chuma yanunuliwe na kuwekwa matupu chini ya uangalizi wa muadhini. Wamenijibu kuwa litajadiliwa kikao kijacho, baada ya ajenda ya spika za mnara.